Kiazi Kilichonyauka Kisifichwe

Ndugu wakulima wa skimu, kazi yangu ni ya ukarani katika ofisi ya kilimo. Mimi siye nipimaye udongo wala siye nizungukaye mashambani. Naandika barua, napanga mafaili na kuwapokea watu wajao kuuliza habari. Lakini mtu aketiye karibu na mlango husikia mengi, na katika hayo mengi liko swali moja ambalo huja kila msimu bila kukosa: "Karani, viazi vyangu vyanyauka hali vingali vibichi. Nitajie dawa."

Dawa ya kutaja sina, wala bwana shamba hana, wala maduka ya pembejeo kutoka Voi mpaka Nakuru hayana. Dawa ya ugonjwa huu haipo. Neno hili ni chungu kusikia, na ndiyo sababu wengine hutoka ofisini wakaenda moja kwa moja kwa mwuzaji atakayewaambia lililo tamu zaidi, wakarudi nyumbani na kichupa na deni. Lakini kukosa dawa siko kunakotumaliza. Yako magonjwa mengine ya mazao yasiyo na dawa, na watu huishi nayo wakavuna. Huu watumaliza kwa kuwa twauficha, na hayo ndiyo niliyoomba nafasi katika gazeti hili niyaseme.

Ugonjwa wenyewe waitwa mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake havionekani kwa macho, navyo hukaa katika udongo, katika maji na ndani ya kiazi chenyewe. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Erwin Smith, alivieleza tangu mwaka 1896, na siku hizi wenye elimu hiyo huviita Ralstonia solanacearum. Huingia kwenye mzizi penye kidonda, pale jembe lilipogusa au wadudu wa udongoni walipotoboa, kisha hupanda ndani ya mishipa ipitishayo maji. Humo huzaana hata mishipa ikaziba. Basi mmea hufa kwa kiu hali umesimama katika udongo wenye maji, na mwenye shamba akiumwagilia hafanyi ila kuvisafirisha vijidudu mpaka tuta la pili.

Nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, kwa hiyo mniwie radhi nikifundisha kidogo hapa, maana asiyeujua ugonjwa hawezi hata kuuficha.

Asubuhi shina limesimama vizuri. Saa sita, jua likiwa kali, majani ya tawi moja yalegea kama nguo iliyoanikwa. Jioni yainuka tena. Mwenyewe husema ni jua tu. Siku mbili tatu baadaye hayainuki, na shina zima lainama hali majani yangali kijani. Hapo ndipo utofautishe mnyauko na ule ugonjwa wa ukungu uchomao majani wakati wa baridi na umande mwingi. Ukungu huanza kwa madoa meusi juu ya majani, na majani hukauka na kuoza kama yaliyounguzwa. Ndio uliosababisha njaa kubwa ya Ireland kuanzia mwaka 1845. Ukungu una dawa ya kunyunyizia, ikitumiwa mapema. Wakulima wengi huchanganya mambo haya mawili, wakanyunyizia dawa ya ukungu juu ya mnyauko mara tatu na mara nne, na fedha yao yapotea yote.

Ukiwa na shaka, fanya hivi. Ng'oa shina lililolegea, ukate kipande kirefu kama kidole karibu na mizizi. Chukua bilauri ya kioo yenye maji safi, ukishike kipande kile kwa uzi au kwa waya ili mwisho wake uguse maji, kisha usitikise. Ngoja dakika chache. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu kutoka katika shina. Kata na kiazi chake vilevile: ndani utaona pete ya rangi ya kahawia, na ukikibonyeza yatoka matone meupe mazito kama usaha. Mara nyingi udongo hugandamana penye macho ya kiazi kwa sababu ya majimaji hayo. Kazi hii mtoto wa shule aweza kuifanya, wala haihitaji ada.

Sasa lije jambo ambalo nataka lisikilizwe kuliko yote. Kiazi chaweza kuwa na ugonjwa na kisionyeshe dalili hata moja. Katika mashamba ya baridi sana, kama vile Kinangop na Ol Kalou, vijidudu huweza kulala ndani ya kiazi. Shina halinyauki, kiazi ni kizuri, ngozi yang'aa. Mtu akivinunua viazi vile akavipanda mahali penye joto zaidi, kama miteremko ya chini ya milima yetu ya Taita, vijidudu huamka. Mkulima wa Taita hulaumu mvua, hulaumu mbolea, pengine hulaumu jicho la jirani. Yule aliyemwuzia hakudanganya. Na yeye hakujua. Uzuri wa kiazi si ushahidi. Mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya jeranium vilivyotoka hapa Kenya viligunduliwa huko Marekani kuwa na vijidudu vya jamaa hiihii, na mimea mingi sana ikaamriwa iharibiwe katika mabanda ya maua huko. Maua yale nayo yalipakiwa yakiwa mazuri.

Huenda msomaji wa Nyandarua au Molo akauliza: mtu wa Makwasinyi ana habari gani na viazi? Kwetu ni chini ya mlima Kasigau, kusini mwa Voi, nchi ya joto, ya pojo na kunde, ya mahindi yanayogombewa na ndovu. Viazi ulaya hatulimi. Ni kweli. Lakini nyanya twalima, na biringanya, na pilipili, penye maji kidogo ya bomba yashukayo kutoka mlimani. Mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na kiazi, na ugonjwa huu hufuata ukoo. Mnavu ni wa ukoo huohuo, na ndulele ya porini pia. Basi viazi vya kula twavinunua sokoni Voi, vimeletwa na malori kutoka mbali. Nyumbani vyamenywa, na maganda yatupwa wapi? Yatupwa kwenye kibustani cha nyanya kando ya bomba, "yawe mbolea." Maji yaliyooshea viazi yamwagwa hapohapo. Nyanya zikinyauka, twamtafuta mchawi. Ningependa kila mama mwenye kibustani ayatupe maganda hayo shimoni mbali na nyanya, au ayachemshe kabla ya kuwapa mifugo. Ni jambo dogo, na halina gharama.

Maji ndiyo gari kubwa la ugonjwa huu. Kwetu maji ni adimu, na yaliyozidi katika bustani moja huelekezwa bustani ya pili, tena ya tatu. Ni ujirani mwema, na siku zote tumesifiwa kwa huo. Lakini bustani ya juu ikiugua, ujirani ule hupeleka ugonjwa chini kwa mfereji. Penye milima ni mvua ifanyayo kazi hiyo. Uholanzi ni nchi ya viazi yenye wataalamu wengi na fedha nyingi, na mwaka 1995 ugonjwa huu ulizuka kwao kwa nguvu. Kisha serikali yao ikakataza viazi kumwagiliwa maji ya mito na mifereji katika sehemu zilizoambukizwa. Wao wenyewe waliona kwamba afadhali kiazi kikose maji kuliko kinyweshwe ugonjwa.

Nyinyi wa skimu mwafahamu jambo hili kuliko sisi. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, baba zenu na babu zenu walipewa mashamba yenye namba, mpaka umepimwa na vigingi vimepigwa. Tangu hapo shamba limegawanywa kwa watoto, na watoto wamewagawia watoto. Namba imebaki moja katika faili, lakini chini kuna vipande vinne au vitano, na maji ya mvua hayasomi namba. Yule wa juu akipanda mbegu mbaya, wa chini atavuna matokeo yake hata kama mbegu yake ilikuwa safi.

Basi mtu aonapo mnyauko hufanya nini? Nimeyasikia mara nyingi, yakisimuliwa kwa kicheko. Huvichimba viazi mapema, usiku wa manane ikiwezekana, kabla jirani hajaona. Vikubwa huviuza kando ya barabara kwa gari la kwanza lipitalo. Vile vidogo, ambavyo mwenye gari hakuvitaka, huviweka, na msimu ujao huviuza kwa debe kama mbegu. Mwenye kununua ni nani? Ni mjane wa pale mtoni, ni kijana aliyeanza kulima mwaka huu, ni shemeji yake mwenyewe aliye ng'ambo ya pili ya kilima.

Sababu za kuficha nazijua, na sizidharau. Mtu huona haya. Huogopa wanunuzi wa viazi wakisikia hawatakuja tena katika skimu ile. Huogopa bwana shamba atamwambia asipande viazi, naye ada ya shule aitoe wapi? Kuvuna mapema na kuuza viazi ambavyo havijaoza ili vikaliwe, mimi simlaumu, maana ugonjwa huu haumdhuru mtu alaye. Amweleze tu mnunuzi kwamba si vya kupanda. Lakini kuuza vile vidogo kuwa mbegu hali ukijua shamba liliugua ni wizi. Mwizi wa ng'ombe huchukua ng'ombe mmoja akaliacha boma. Huyu huchukua shamba kwa miaka.

Tufanye hesabu. Ekari moja, ukipanda kwa sentimita 75 kati ya matuta na sentimita 30 kati ya shina na shina, yachukua mashina 18,000 hivi. Kwa mbegu za kadiri ya yai la kuku utahitaji magunia kama 16 ya kilo 50. Tuseme katika kila mbegu 100, moja tu ni gonjwa. Wengi wataona hiyo ni mbegu nzuri sana. Hata hivyo umepanda mashina 180 yenye ugonjwa, yametawanyika shamba zima. Kila moja lina jirani kulia na kushoto, na jembe la palizi hupita katika yote. Ukivuna, ukiweka vidogo kuwa mbegu, msimu wa pili haiwi tena moja katika 100. Mtu huyu asiambiwe kwamba udongo wake umechoka. Udongo wake haukuchoka hata kidogo, umejazwa vijidudu.

Dawa haipo, nimesema, lakini kazi ipo. Shina likinyauka ling'olewe siku hiyohiyo pamoja na viazi vyake vyote na udongo wa karibu na mizizi. Litiwe ndani ya gunia palepale, lisiburutwe kupita katika matuta mengine. Lizikwe katika shimo refu mbali na mfereji na kisima, au lichomwe. Lisitupwe njiani, wala kwenye lundo la mboji, wala kwa ng'ombe likiwa bichi. Pale lilipotoka pasilimwe tena msimu ule, na maji yachimbiwe njia ili yasipite hapo. Jembe lioshwe udongo wote, kisha lipanguswe kwa jiki. Viatu navyo. Palizi ianzie sehemu nzima na kuishia sehemu gonjwa, isiwe kinyume. Jambo hili dogo watu wengi hulipuuza kwa kuwa sehemu gonjwa mara nyingi iko karibu na nyumba.

Kisha shamba libadilishwe mazao. Msimu mmoja hautoshi. Wataalamu wahimiza misimu mitatu au zaidi bila kiazi wala ndugu zake. Mahindi yafaa sana, na ngano, maharagwe, kabichi, vitunguu, karoti. Nimemwona mtu akijisifu kwamba amepumzisha viazi akapanda nyanya; huyo amemfukuza mgeni mlangoni na kumfungulia dirisha. Mwingine amepanda mahindi kweli, lakini katikati ya mahindi yamejaa maotea ya viazi vya mwaka jana, na mnavu umeachwa uchumwe mboga. Ugonjwa utajilisha humo mpaka atakaporudi. Maotea yang'olewe yote.

Mtu mwenye ekari mbili atauliza: nikiacha viazi misimu mitatu, nile nini? Swali hili ni la haki, na jibu la kwamba "fuata ushauri wa wataalamu" halitoshi. Nionavyo mimi, mkulima mdogo hawezi kulimaliza jambo hili peke yake ndani ya mpaka wake. Lakini mashamba kumi yaliyo kwenye kijito kimoja yakikaa kikao, yaweza kupatana: msimu huu wa juu watapanda viazi, wa chini mahindi, wala asiwepo apandaye viazi chini ya shamba lililougua. Aliye na kipande kisichowahi kulimwa viazi aazimwe kuwa kitalu cha mbegu cha wote, na wote wagawane mavuno yake. Lakini kikao cha namna hiyo hakiwezekani ikiwa kila mmoja anaficha. Mtu wa kwanza kusimama na kusema "langu limeugua" apigiwe makofi, asichekwe.

Na katika kikao hicho waitwe kina mama. Barazani huja mwenye hati ya shamba, naye pengine hajapita katika matuta tangu siku ya kupanda. Apaliliaye ndiye aonaye tawi la kwanza likilegea saa sita. Amekwisha kulijua wiki mbili kabla ya mumewe, na hakuna aliyemwuliza.

Nalo suala la mbegu safi halikwepeki. KEPHIS ndilo shirika la serikali likagualo mbegu na kuzithibitisha, na KALRO pale Tigoni wamefanya kazi ya viazi miaka mingi. Mbegu zilizothibitishwa zipo, ila ni chache, bei yake ni kubwa, na kwa mtu wa milima ya Taita zatoka mbali sana. Wanaomlaumu mkulima kwa kununua mbegu sokoni wangefanya vizuri kwanza kumwonyesha mahali pengine pa kununua. Hapa ofisi za kilimo zina deni kwa wakulima, na kama karani sioni haya kulisema katika gazeti la serikali: mbegu safi ikifika wiki tatu baada ya mvua kuanza, ni sawa na haikufika.

Lakini hata mbegu kidogo yaweza kwenda mbali. Asiyeweza kununua magunia 16 anunue moja, au apate miche ya vipandikizi kwa wale waioteshao, aipande katika kipande kisichowahi kuona kiazi, kilicho juu ya mengine yote. Avune mbegu hapo, si katika shamba la kula. Tena iko njia isiyo na gharama ambayo wakulima wengi wa Kenya wamefundishwa, iitwayo chagua bora. Viazi vikianza kutoa maua, kabla majani hayajakomaa, pita katika matuta na vijiti. Kila shina zuri, refu, lenye majani safi, ambalo majirani zake wote nao ni wazima, lichomekewe kijiti. Baada ya wiki mbili pita tena. Lililoonyesha dalili yoyote ling'olewe kijiti chake. Siku ya mavuno chimba yale yenye vijiti kwanza, uyaweke mbali, uchague viazi vya kadiri ya yai, uvipande vizima bila kuvikata, maana kisu kilichokata kiazi kimoja kigonjwa huwaambukiza kumi wafuatao. Njia hii haiondoi ugonjwa wote. Shamba lililokwisha kunyauka sana lisichaguliwe mbegu hata kidogo. Lakini ni bora mara nyingi kuliko desturi yetu ya kula vikubwa, kuuza vya wastani na kupanda mabaki.

Kwa wale watakaopatana kununua mbegu kwa pamoja, barua moja yatosha kwa kikundi kizima. Iandikwe na mwenyekiti au mama yeyote ajuaye kalamu, ieleze idadi ya magunia, aina mnayoitaka, na sehemu zilizonyauka msimu uliopita, bila kupunguza. Ifike ofisi ya kilimo iliyo karibu nanyi miezi miwili kabla ya mvua, nayo ofisi iwajibu kwa maandishi, na nakala mbaki nayo nyinyi.